Chipu Uliyoiokota Chini ya Meza

Jeruto wangu,

Wewe na mama yako mmeshuka mjini kutafuta begi ambalo zipu yake haitakuaibisha njiani, na mimi nimebaki na nyumba na mvua ya alasiri juu ya mabati. Nimeketi kwenye meza ya kulia, upande wa dirisha. Nimechukua karatasi za mtihani za mwaka jana ambazo nyuma yake ni wazi. Unajua sijawahi kutupa karatasi iliyo wazi upande mmoja.

Kesho asubuhi utapanda basi la Nairobi, kisha la Garissa, na Jumatatu utavaa sare ya uuguzi katika wadi ambayo hakuna hata mmoja anayekujua. Mambo ya kunywa maji mengi kwa sababu ya joto, kufunga mlango, na kupiga simu ukifika, mama yako ameyasema mara nne tangu jana na atayasema tena stendi. Mimi nayaacha kwake. Nina jambo langu moja, na nimelikwepa miaka kumi na minne.

Wiki iliyopita tulipokuwa tukirudi kutoka Plateau, baada ya kumuaga nyanya yako, Kogo, wewe ndiye uliyekuwa unaendesha. Tulisimama kununua mahindi ya kuchoma, ukazima gari, na ile taa ndogo nyekundu kwenye dashibodi ikaanza kupepesa. Ukaniuliza, "Baba, hii taa huwa inamaanisha nini hasa?" Nikakujibu, "Ni mambo ya usalama tu," nikageukia mahindi. Sijui kama uliuliza kwa kutaka kujua, au ulitaka kuona nitajibu nini. Nadhani ni hilo la pili. Jambo lile lilipotokea ulikuwa na miaka tisa, na mtoto wa miaka tisa hasahau.

Basi nikujibu sasa, vizuri, kama nilivyopaswa kujibu.

Ndani ya kichwa cha ufunguo wa gari mna chipu. Ni kitu cheusi, kidogo kama nusu ya harage, na hakitumii betri. Ukiwasha swichi, gari huisoma chipu hiyo. Ikiitambua, taa nyekundu inazima baada ya sekunde mbili tatu na injini inawaka. Isipoitambua, taa inaendelea kupepesa haraka haraka, na hata ukizungusha ufunguo mpaka vidole vikuume, injini haishiki. Ukizima gari na kuondoka, taa hupepesa polepole usiku kucha, na hiyo si hitilafu. Gari linalindwa, basi. Watu wengi huiita taa ya wizi, na jina hilo ndilo lililonipotosha. Taa ile haijui mwizi. Inachosema ni kwamba ufunguo ulio mbele yake haiutambui. Hayo mengine yote niliyoyasema Jumatatu ile, niliyasema mimi.

Unamkumbuka Hassan? Alikuwa fundi wa umeme wa magari, mtu mrefu, Msomali wa kutoka Wajir, aliyekuwa na kibanda ubavuni mwa kontena la bluu karibu na kituo cha mafuta, pale tunapopita tukielekea mjini. Wewe alikuwa akikupa peremende za tangawizi ukitoka shule. Aliniita Mwalimu. Mimi nilimwita Hassan tu, ingawa alikuwa amenizidi miaka kama kumi na alikuwa na wajukuu. Wazee wengine wote wa mtaa niliwaita Mzee fulani. Yeye sikuwahi. Hata hilo sikuliona wakati huo.

Jumamosi moja ya mwaka ule nilimpelekea gari letu la kijivu kwa sababu taa za mbele zilikuwa zikififia. Alikaa nalo mpaka saa tisa, akabadilisha waya, akanirudishia ufunguo mkononi. Akaniambia, "Mwalimu, remoti yako iko karibu kufa. Badilisha betri kabla haijakuacha nje." Nikamshukuru, nikaenda.

Jumapili baada ya kanisa nikakaa kwenye meza hii hii na kisu cha jikoni, nikaufungua ule ufunguo. Ulikuwa mgumu. Ulipofunguka, uliruka vipande viwili. Nikatia betri mpya, nikaubana, nikabonyeza, milango ikalia. Nikaridhika na mimi mwenyewe. Sikujua kuna kitu kilichokuwa kimeanguka.

Jumatatu ilikuwa siku ya Kogo. Alikuwa amesubiri miezi mingi nafasi ya kufanyiwa operesheni ya jicho, na saa mbili asubuhi ndiyo aliyopewa. Alikuwa amelala kwetu. Alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha mbele, amevaa sweta lake la sherehe, mkoba mapajani, na ametoka kuomba. Nikazungusha ufunguo. Gari likakoroma, likakataa. Nikazungusha tena. Taa nyekundu ilikuwa inapepesa kama imeshikwa na kichaa. Nikajaribu mpaka nikaanza kutokwa jasho. Kogo akasema, "Pole pole, mwanangu, tutapata lingine." Tulipopata lingine, tulikuwa tumechelewa, na nafasi yake ilikuwa imepewa mtu mwingine. Akaambiwa asubiri tena miezi miwili. Alirudi kwetu bila kulalamika, na huko kutolalamika kwake ndiko kulikoniwasha.

Nikamwita fundi mmoja aliyekuwa akitengeneza magari ya matajiri wa mtaa wa Elgon View. Alifika saa sita, akaitazama taa, akaniomba ufunguo, akaufungua. Akanionyesha kishimo kidogo kilicho tupu.

"Mwalimu, hapa hakuna chipu. Gari haiwezi jua huyu ni nani."

"Imeenda wapi?"

"Hiyo sasa siwezi jua. Nani amefungua hii ufunguo?"

Jeruto, hapo ndipo nilipopaswa kusema, "Mimi, jana." Maneno mawili tu. Nakuapia kwamba hayakunijia akilini. Nilikuwa nimefungua ufunguo kubadilisha betri, na katika kichwa changu jambo hilo halikuwa "kufungua ufunguo", lilikuwa "kubadilisha betri". Kilichonijia kichwani ni Hassan. Na kilinijia haraka mno. Nimejiuliza miaka yote hii, kama gari ningekuwa nimelipeleka kwa fundi wa kanisani kwetu, jina lake lingenijia haraka vile? Najua jibu, na sitakuficha. Lisingenijia. Ningetafuta chini ya meza kwanza.

Nikamwambia yule fundi, "Gari lilikuwa kwa Hassan Jumamosi." Akatikisa kichwa, akasema ni afadhali nimuulize kwanza. Mimi sikuwa mtu wa kuuliza siku hiyo. Nilitembea kwa miguu mpaka kwenye kontena la bluu. Kulikuwa na watu, wateja watatu, mama wa chai, na waendesha boda wanaongoja abiria. Hassan alikuwa ameinama ndani ya lori. Nikaanza kupiga kelele kabla hajainuka.

"Umetoa chipu kwa ufunguo wangu! Umeenda kutengeneza mwingine! Unataka kuja kuchukua gari yangu!"

Akainuka akijipangusa mikono. "Mwalimu, chipu gani?"

"Taa ya wizi inawaka! Taa yenyewe imekushtaki!"

Nilisema hivyo, mimi, mwalimu wa watoto wa watu. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Hiyo taa haisemi jina la mtu, Mwalimu. Kuja, twende nyumbani kwako tutafute pamoja." Hebu fikiria. Alikuwa ameshaelewa kilichotokea, na alikuwa tayari kuacha kazi yake aje kunisaidia kutafuta. Nikaona ni ujanja. Nikapiga simu kituo cha polisi. Mimi ni naibu mwalimu mkuu, ni mzee wa kanisa, nikisema jambo watu huamini. Walikuja wakamchukua. Alipanda gari lao bado ana kitambaa cha kufutia mafuta mkononi, na wale watu wote wakimtazama.

Jioni, saa kumi na mbili hivi, mama yako alikuwa jikoni na Kogo alikuwa amelala. Nilikuwa sebuleni nikisahihisha madaftari. Ukaja na kibweta chako cha penseli, ukakifungua mbele yangu. Ndani, katikati ya vifutio na shanga, kulikuwa na kitu cheusi.

"Baba, hii ndio mnatafuta? Jana ukifungua ufunguo na kisu, iliruka chini ya meza. Nilidhani ni kajiwe."

Nikaishika. Nikatoka nayo mpaka kwenye gari, nikaisogeza karibu na tundu la ufunguo, nikawasha. Taa ikazima. Injini ikashika mara ya kwanza.

Niliporudi ulikuwa umesimama mlangoni unatabasamu. Ulikuwa unangoja kusifiwa, na ulistahili kusifiwa. Badala yake nilichuchumaa mbele yako, nikakushika mabega, nikasema, "Usimwambie mtu. Hata mama. Sawa?"

Tabasamu lako liliondoka polepole. Ukauliza, "Na Mzee Hassan?"

Wewe, mtoto, ulimwita Mzee.

Nikakuambia, "Hayo ni mambo ya watu wakubwa."

Kama ningekwenda kituoni jioni hiyo hiyo, pengine jambo hili lingekuwa hadithi ya kuchekwa kwenye chai. Sikwenda. Nilijiambia nitakwenda asubuhi. Asubuhi nikajiambia nina mkutano wa wazazi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikitunga maneno, na kila nilipoyatunga yalinionyesha mimi ni mjinga, na sikuyataka. Hassan alilala kituoni Jumatatu, akalala Jumanne. Mimi nililala kitandani mwangu. Wewe ulikula chakula cha jioni bila kuinua macho, na mama yako akadhani una homa.

Jumatano saa saba mchana mke wake, Mama Ifrah, akaja. Nilikuwa nimerudi nyumbani kwa chakula. Nilipomwona getini nilifikiri amekuja kunilaani, nikajikaza. Kogo alimkaribisha ndani, akamwekea chai ya maziwa. Hakuigusa. Alifungua mkoba, akatoa pakiti ya vidonge iliyofungwa kwa mpira wa kufungia pesa.

"Mwalimu, hii ni dawa yake ya presha. Jana nilipeleka, hawakupokea kwangu. Wewe ndio mlalamishi, wewe watakusikia. Nakuomba umpelekee. Hiyo kesi mtaongea baadaye. Leo ni siku ya tatu hajameza."

Aliniwekea pakiti ile kiganjani. Aliniomba nimwokoe mumewe kutoka kwangu mwenyewe, na aliniomba kwa adabu. Wewe ulikuwa umesimama kwenye kizingiti cha jikoni, na kibweta chako mkononi. Hukusema neno. Ulinitii. Nimesomesha maelfu ya watoto na sijawahi kuona mtoto akinitii kwa uchungu kama ule.

Nikachukua ufunguo nikaondoka.

Ningependa kukuambia kwamba nilifika kituoni nikasema kila kitu. Nilisema nusu. Nilimwambia afisa, "Chipu imepatikana nyumbani. Nimeondoa malalamiko." Imepatikana, kana kwamba ilirudi yenyewe. Sikusema nani aliyeidondosha, wala kwamba nilikuwa nayo tangu Jumatatu jioni. Afisa akacheka, akasema mambo hayo hutokea. Hassan akatolewa. Alikaa kwenye benchi akimeza vidonge vyake kwa maji ya bomba, kisha akavaa viatu taratibu, maana miguu ilikuwa imevimba. Nikamwambia nitampeleka nyumbani. Akalitazama gari, akanitazama mimi, akasema, "Nitatembea." Akatembea.

Baada ya wiki nilimfuata kibandani. Nilichagua saa ambayo hakuna watu. Nikamvuta nyuma ya kontena, nikamweleza yote, kisu, betri, chini ya meza, na zile siku mbili. Hizo siku mbili ndizo zilizomfanya afumbe macho. Alipoyafumbua akasema, "Mwalimu, ulinitukana mbele ya watu. Mbona unaniomba msamaha nyuma ya kontena?"

Nilikwenda nyumbani nimemkasirikia yeye, hebu ona. Nilijiambia nimeomba msamaha, anataka nini tena? Ilinichukua miezi mitano kukubali kwamba alitaka kitu cha haki kabisa. Katika miezi hiyo mitano nilipita pale kila siku na kuona magari yakipungua. Watu hawakusema kitu, waliacha tu kumletea. Mtu anakumbuka aliona fundi akipandishwa gari la polisi, hakumbuki aliachiliwa.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, nikaenda. Mama wa chai alikuwepo, waendesha boda walikuwepo. Nikasimama pale pale niliposimama mara ya kwanza. Nikasema kwa sauti ninayotumia kwenye paredi ya shule, wanafunzi wote wakiwa mstarini, "Mzee Hassan, mimi ndiye niliyefungua ufunguo wangu. Mimi ndiye niliyeangusha chipu. Wewe hukuchukua kitu changu hata siku moja. Nilijua hivyo Jumatatu jioni, nikakuacha ndani mpaka Jumatano." Mmoja wa wale vijana wa boda akasema, "Hiyo ni mbaya, Mwalimu." Ilikuwa mbaya.

Hassan alikuwa ameshika tochi mdomoni, akaitoa. Akasema, "Nimesikia." Kisha akarudi kwenye kazi yake. Hakunikumbatia, wala hakuniambia yamekwisha. Baada ya miezi michache alihamia Kitale kwa ndugu yake, ambako kazi ilikuwa zaidi, na mara ya mwisho kusikia habari zake nilisikia ana afya. Siku ya kuhama nilikwenda kusaidia kupakia. Aliniruhusu nibebe betri. Nilishukuru kwa hilo.

Kogo alifanyiwa operesheni yake ile ile miezi miwili baadaye, na jicho likapona. Gari la kijivu tuliliuza. Mtu angeweza kusema mambo yaliisha vizuri.

Lakini wewe, Jeruto. Kuanzia wiki ile, kila ulichookota humu ndani, kifungo, sarafu, hereni ya mama yako, ulimpelekea mama yako. Mimi ukinipita. Sijui kama ulijua unafanya hivyo. Mimi nilijua. Nilihesabu. Na ulipokuwa kidato cha pili, mwenzako wa bwenini alipoadhibiwa kwa kosa ambalo wewe ulijua si lake, ukakaa kimya muhula mzima, kisha ukamweleza mama yako ukilia. Mama yako alishangaa umepata wapi woga huo. Mimi sikushangaa. Nilikuwa chumba cha pili nikisikia, na sikutoka. Nilimwomba msamaha Hassan, nikamwomba mke wake, nikasimama mbele ya kamati ya kanisa. Mtu mmoja tu sikumwomba, naye ndiye niliyekuwa nikila naye kila jioni.

Unakwenda mahali ambapo wewe ndiwe utakayekuwa mgeni. Kuna watakaolitamka jina "Jeruto" kwa shida, na labda kuna siku kitu kitapotea wadini na macho ya mtu yatakugeukia kabla hajatafuta chini ya meza. Siwezi kukuzuilia hilo. Pia huko kuna akina Mama Ifrah wengi, watu watakaokupa heshima hata siku usiyoistahili, na uwapokee vizuri.

Na utakosea. Najua hivyo kwa sababu utafanya kazi ya kweli, saa nyingi, ukiwa umechoka. Utampa mtu dawa ya kitanda cha jirani, au utasahau kuandika kitu kwenye faili. Saa ile ya kwanza, kosa bado ni dogo na bado unaweza kulibeba mikononi. Mimi nililiacha lilale siku mbili na nikaja kulibeba miaka kumi na minne. Sikuambii hivi kwa sababu mimi ni hodari. Nakuambia kwa sababu najua uzito wake.

Basi ninasema, na wewe usikie. Nilikosea nilipokushika mabega ukiwa mtoto na kukuomba unisaidie kuficha. Ulileta ukweli kwenye kibweta cha penseli na mimi nikakufunza kuuogopa. Woga ule si wako. Ni wangu, niliutia ndani yako. Naomba uniachie niubebe mwenyewe, na unisamehe, ukiweza, wakati wowote utakaoweza. Hata kama si kesho.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini ya nguo zako ili uisome Garissa, mimi nikiwa mbali. Nimebadilisha mawazo sasa hivi. Nasikia geti, nasikia mama yako akilalamika juu ya matope, na wewe unacheka. Nitakupa mkononi ukishavua viatu. Nitaketi hapa hapa, kwenye kiti cha mbele yako, na mama yako akitaka aketi pia. Isome mpaka mwisho, halafu uniulize chochote unachotaka. Safari hii nitajibu.

Baba